Kijiko Nilichokinyamazia

Jumatano, 12 Juni. Asubuhi ya mawingu, mvua imegoma.

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijasema neno nitakalolijutia. Mwanangu wa miaka mitatu alizaliwa na maji kichwani, akawekewa mpira mwembamba chini ya ngozi wa kuyateremsha hadi tumboni, lakini ngozi juu ya mpira ikawa nyekundu, ikavimba, mshono ukafumuka, akabadilishiwa, ikawa vilevile, na maabara hawakuona vijidudu hata mara moja, ila mama mkwe alishahukumu: "Mikono inayosugua masufuria ndiyo hiyo inayoshika kidonda, ulitegemea nini, mwanangu?" Mume wangu akanyamaza, na tangu hapo bibi ndiye anayemwogesha mtoto na kumfunga bandeji, mimi napitisha taulo mlangoni kama mtumishi.

Jumapili mshono ulifumuka tena, mikononi mwa bibi. Alikaa akitazama viganja vyake, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Neno liko mdomoni: "Haya mama, masufuria ya leo kasugua nani?"

Sasa mtoto amelazwa, anapewa dawa, kisha watamwekea mpira wa aina ileile. Na kuna jambo sijamwambia mtu: akilishwa kwa kile kijiko chake laini cha silikoni, midomo humvimba. Niliogopa watasema natafuta pa kutupia uchafu wangu. Je, nimwambie mama mkwe lile neno au niendelee kumeza? Usiku wa kuamkia leo nimelala saa tisa.

Mwenye Mikono Michafu

JIBU

Mama, barua yako nimeirusha foleni kwa sababu ya kijiko, si ya mkweo. Pole kwa taulo za mlangoni. Ulionewa, na mumeo aliyenyamaza alikuonea zaidi. Ila nawe umenikera: kijembe umekifanyia mazoezi, kijiko umekificha.

Leo hii mtafute daktari aliyempasua, umwonyeshe hicho kijiko. Mipira hiyo nayo kwa kawaida ni ya silikoni, kwa hiyo muulize kama mwili wa mtoto unaukataa mpira wenyewe, kama kuna vipimo, kama kuna mpira wa aina nyingine. Huenda akasema sivyo, maana aleji ya namna hiyo ni nadra. Lakini aseme akiwa anajua unachokijua wewe. Na mtoto akitapika au akisinzia kuliko kawaida, mwite muuguzi papo hapo.

Ile furaha yako, aliyeilipia ni mtoto. Hilo likutoshe.

Mkweo nenda naye, asikie kwa masikio yake. Usingoje akuombe radhi, hataomba. Mpe mkoba abebe. Mtoto mbebe wewe.