Jibu Langu Juu ya Belyse na Maji

Unguja,
Jumapili, tarehe 8 Oktoba 2023.
Leo ni miaka miwili na miezi mitano tangu nitoke Makobola.

Mpendwa dada yangu, Yaya Consolate,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wote walio nyumbani. Hujambo? Ule mgongo uliokusumbua wakati wa kulima mihogo umepoa? Na shemeji Étienne, malaria imemwachia? Nimesikia ndakala walikuwa haba mwezi uliopita. Natumaini sasa wavuvi wanarudi na kitu, na wewe unapata cha kuanika.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mikono imechanika kwa chokaa na kiuno hunikatalia asubuhi, lakini nakula na nalala. Bado tunajenga ileile hoteli ya wageni huku kaskazini ya kisiwa, na kazi yangu haijabadilika: kuvunja mawe na kuyapeleka kwa mafundi. Mawe ya huku yana meno. Jioni huwa nimechoka hadi kijiko nakiona kizito.

Yaya, barua hii nampa Nasoro, yule mfanyabiashara wa Uvira anayekuja huku kununua vitambaa. Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Wewe mwenyewe unajua. Mara tatu umenipigia kuniomba ruhusa ya kumfundisha binti yangu Belyse kuogelea, na mara tatu nimekata simu. Mara ya mwisho uliniambia, "Weye unaogopa maji, na mutoto iko anaishi ku maji. Nani atamufundisha, samaki?" Nilikata kabla hujamaliza kucheka. Karatasi haikatiki hivyo, ndiyo maana naandika. Nisamehe maandishi. Darasa la tano nililoachia limekuwa mbali.

Wiki iliyopita saruji haikufika, na msimamizi akatupa konje ya siku tatu, tupumzike. Ni konje yangu ya kwanza tangu nifike. Siku ya kwanza nililala tu. Siku ya pili Karim, fundi mmoja wa hapahapa ninayembebea mawe, alinifuata kitandani. "Amka, Mkongo! Watu wanapanda ndege kuja kuogelea na kasa, na wewe unalala hatua mia tano kutoka walipo." Kasa ni kobe wa baharini, Yaya. Wanafugwa katika bwawa la kijijini, wale walionaswa na nyavu za wavuvi, wakipata nguvu wanarudishwa baharini. Wageni wanalipa ili waingie nao majini. Karim aliwajengea ukuta, kwa hiyo yeye na watu wake hawadaiwi kitu.

Nilikubali kwa sababu nilitaka kuoga. Kambini tunagawiwa nusu ndoo kila mtu, na vumbi la chokaa halitoki kwa nusu ndoo. Sikuwa na nia ya kuingia. Nilisema nitakaa ukingoni na kopo langu. Basi nikaenda kama tunavyokwenda kwetu: taulo begani, kipande cha sabuni mkononi. Wewe unajua, Makobola mtu akishuka ziwani bila sabuni, watu watamuuliza amekwenda kufanya nini.

Bwawa lenyewe limezungukwa na miamba na liko mbali kidogo na ufuo. Nilidhani ni maji ya mvua. Nikachuchumaa, nikateka kwa kiganja, nikanywa kama tunavyokunywa ziwani. Yaya, chumvi! Bahari inapita chini ya mawe na kuingia humo. Nilitema nikakohoa mpaka machozi. Kisha, sijui ni akili gani, nikalowesha sabuni.

Mwanamke anayewatunza kasa, Bi Aziza, alinijia mbio na kanga imemdondoka kichwani. "We baba! Sabuni hiyo ya nani? Kasa wangu hawana harusi leo!" Akaninyang'anya. "Utawaua! Na maji umeyanywa! Karim, huyu umemtoa wapi?"

"Kongo," Karim akasema, ameshika tumbo kwa kicheko.

"Kwani Kongo hakuna maji?"

Nikamwambia, "Mama, kwetu iko ziwa. Tunalinywa, tunalioga, tunafulia mlemle."

Akaniangalia. "Ziwa la namna hiyo, basi wewe samaki kabisa. Ingia."

Hapo nikarudi nyuma hatua moja. Wewe peke yako unajua kwamba tangu tumzike Lionel sijatia mguu katika maji yanayopita goti. Miaka minne. Nimewahi kuzunguka kwa barabara siku nzima ili nisipande mtumbwi. Sikutaka kusema mbele ya mafundi, lakini Bi Aziza alikuwa anasubiri jibu, na mimi sijui kudanganya mwanamke mwenye umri wa mama. Nikamwambia kwamba mwanangu wa miaka minane alikufa maji nikiwa Sange ninapakia magunia ya mpunga.

Hakusema pole. Alikaa kwenye jiwe karibu nami akanionyesha kasa mmoja, mgongo wake mpana kama sinia la bugali la msiba. "Mwangalie atakavyofanya," akasema. Yule kasa akapanda taratibu, akatoa pua nje, akavuta pumzi kwa sauti kama mzee aliyefika juu ya kilima, akashuka tena. "Huyu ana mapafu kama wewe," Bi Aziza akasema. "Watu wanadhani kasa hafi maji. Anakufa. Wavu ukimshika asiweze kupanda, anakufa maji kama mtoto wa mtu. Huyu alikuja hapa amebakiza pumzi moja."

Yaya, sikujua. Nilidhani aliyezaliwa majini maji hayamwezi. Miaka minne nimelichukia ziwa kama mtu mbaya anayetungojea sisi tu. Na kumbe hata mwenye nyumba yake, akikosa kupanda juu kwa wakati, humo humo anaishia.

Nikaingia. Karim alitangulia akanishika mkono kama unavyomshika kipofu. Maji yalinifika kifuani. Bi Aziza alinipa miwani ya kuzamia, kioo chake kimekwaruzwa. "Vuta pumzi, weka uso," Karim akasema. "Ukiogopa, kaa wima tu, hata dada yako anagusa chini hapa." Niliweka uso.

Sitaweza kukueleza vizuri. Kulikuwa na kimya, na mwanga ukicheza kwenye mchanga, na kasa saba au wanane wakipita kama watu wanaotoka misani bila haraka. Mmoja alikuja kula mwani ambao Bi Aziza alikuwa amenitia mkononi, akanivuta kidole kidogo akaona si chakula. Kisha yule mkubwa akapita chini ya tumbo langu. Nikamfuata. Sikujiamuru, miguu yenyewe ilikwenda, ile miguu iliyoshindana na wewe kuogelea hadi mtumbwi wa baba. Tuliogelea mimi na yeye kutoka ukuta hadi ukuta. Alipopanda kuvuta pumzi nami nikapanda. Aliposhuka nikashuka.

Hapo ndipo neno lako la mwaka jana lilinipata, lile lililonifanya nisikupigie miezi miwili. Ulisema Lionel hakufa kwa sababu ya ziwa, alikufa kwa sababu hakujua kuogelea. Ni kweli, na mwenye kujua nilikuwa mimi. Nilikuwa naahirisha: Jumapili hii, Jumapili ile, wiki hii nina kazi Sange, wiki ijayo Luvungi. Nimekuwa nikikukasirikia wewe kwa kosa langu. Nililia ndani ya ile miwani mpaka ikajaa. Bi Aziza akaniuliza kama inavuja. Nikamjibu ndiyo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mfundishe Belyse. Mapendo aliniambia zamani kwamba yeye kama mama ameshakubali, alikuwa anangoja neno langu tu. Akija kutoka sokoni Luvungi Jumamosi, msomee barua hii. Anzeni asubuhi, kabla upepo haujaamka, pale penye mawe ya kufulia ambapo chini ni mchanga. Mpe bidon tupu ya mafuta aikumbatie ili aelee. Wewe kaa upande wa kina, usimpe mgongo hata mara moja. Akinywa maji kidogo usimkemee, ni yetu. Asiingie peke yake hadi aweze kwenda na kurudi mara kumi bila bidon.

Na mwambie habari za kaka yake. Tumelificha jina la Lionel kana kwamba ni kosa lake. Ana miaka tisa sasa, ameshampita kaka yake umri, ana haki ya kujua.

Ile miwani Bi Aziza amenipa. Alisema mikwaruzo haizuii kuona. Nasoro anayo ndani ya kitambaa cha bluu, ni ya Belyse.

Asante, Yaya. Asante kwa kumlea, kwa kumpeleka shule, kwa kumsuka nywele, na zaidi kwa kuniuliza mara ya pili na ya tatu wakati mwingine angenyamaza. Mimi ni mgumu, wewe ni mgumu kunishinda, na Mungu alijua alichofanya alipotutoa tumbo moja.

Nisalimie shemeji Étienne, na mama mdogo Élisabeth kule Sange, mwambie mchele wa huku haufiki ule wake. Mwambie Mapendo kwamba kitanda changu hapa ni cha mbao tupu na simsahau. Mungu awafunike ninyi nyote, mvua zije kwa kipimo na nyumba isiguswe.

Mkataba wangu unaisha tarehe 15 Desemba na sitaweka sahihi kwenye mwingine. Meli ikinipa nafasi, nitafika Makobola Ijumaa, tarehe 22 Desemba, kabla ya Noeli. Msije kunipokea barabarani. Mwacheni Belyse majini, nitamfuata humo.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ninapokata simu,

Pitchou