Kwa Mama Mukwe, Kuhusu Fromaji na Mvua

Mama mukwe,

Tuliondoa matanga yako Jumamosi. Leo ni Jumatatu, nakuandikia nikiwa jikoni kwako, juu ya kigoda chako kile chenye mguu mmoja mfupi ambacho ulikataa kitengenezwe. Sasa naelewa kwa nini ulikuwa unapika ukiwa umeinama upande.

Nikupe habari kwanza, najua hukuwahi kupenda kungoja. Watu walikuja wengi. Ndugu zako wa Katana walileta kasiksi, pombe ya ndizi, ya kutosha kuoga. Kaka yako, Tonton Gaspard, alitoa hotuba ya maisha yako, akaanza na babu yenu, na alipofika kwenye kuzaliwa kwako bugali ilikuwa imeshapoa. Padri alirudia sahani, akarudia tena, akasema atatubu mwenyewe. Hakuna aliyepigana. Mvua haikunyesha, na juu ya hiyo mvua mimi na wewe tuna maneno.

Fromaji ya moto, ile jibini yako ya kuyeyusha, ilikuwepo. Niliipika mimi.

Kama kuna kiti huko uliko, kaa.

Unajua mwenyewe fromaji hiyo ilikuwa nini katika nyumba hii. Iwe ubatizo, iwe diploma, iwe harusi, sufuria yako nyeusi ilikaa katikati ya meza juu ya mbabula yenye makaa machache, na ndani yake fromaji iliyoyeyuka, laini, yenye vitunguu na pilipili. Watu walichovya mkate, walichovya viazi vitamu vya kukaanga, walichovya sambaza, zile dagaa za ziwa, wakiwa wamezishika mkia. Nyama ya mbuzi ilibaki inaangalia watu. Ukiulizwa siri, ulifumba macho kidogo na kujibu lile lile: fromaji ya Masisi, ya ng'ombe wa mlimani, imekuja kwa boti kutoka Goma, na upishi ulifundishwa na Masista wa Katana ulipokuwa msichana jikoni kwao. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuuliza zaidi. Nani atabishana na ng'ombe wa mlimani na Masista kwa pamoja?

Lakini mimi nilikuwa jikoni. Nilimenya vitunguu vyako, nilipuliza makaa yako, machozi yangu yameingia kwenye sufuria hiyo mara nyingi kuliko chumvi. Na kila mara, maziwa yakishapata moto, uliinua mwiko na kusema: "Riziki, enda kwanza uangalie kama mvula iko inakuya."

Nilikwenda. Hapa Bukavu hilo si swali la kijinga, mvua huwa iko njiani. Nilisimama mlangoni, nikaangalia mawingu juu ya milima, nikarudi na ripoti. Fromaji ilikuwa imekwisha kuiva. Hata mwezi wa saba, vumbi limefunika majani ya migomba, ulinituma kuangalia mvua, na nilikwenda.

Iliniuma, Maman. Nakwambia sasa kwa sababu huwezi kunikatiza. Nilikuja kwako kutoka Mwenga, kule msituni, na wiki ya kwanza ulinitania: "Weye mutoto wa pori, nyama njo unajua. Maziwa utaachia sisi Bashi, batu ba ngombe." Wote walicheka, na mimi nilicheka. Lakini kila uliponituma mlangoni nilikumbuka neno hilo, nikajiambia, huyu mama hataniamini hata nikimzalia kijiji.

Basi, ulipotutoka, ukoo ulikaa kupanga siku ya kuondoa matanga, na swali la fromaji likaja kabla ya swali la misa. Wifi yangu Béatrice, mzaliwa wako wa kwanza, hakuzunguka. "Muke ya Déo hajue mambo ya fromaji. Tununue tu sambusa." Nilikuwa nimekaa hapo hapo. Ndipo mume wangu, mwanao huyu mwenye mdomo mwepesi, akasimama na kusema, "Riziki atafanya. Maman alimufundishaka." Hakuniuliza. Hakuniangalia hata. Tonton Gaspard akafurahi, akaamua kwamba atakayelisha watu kutoka kwenye sufuria yako siku hiyo ndiye atakayebaki nayo, na jiko la sherehe za ukoo litakuwa lake. Béatrice akasema sawa. Alisema sawa kama mtu aliyekwisha kutafuta mahali pa kuiweka hiyo sufuria kwake.

Niliteremka soko la Nyawera nikanunua magurudumu mawili ya fromaji ya Masisi, nikaanza kujaribu. Mara ya kwanza ilijigawa sehemu mbili ambazo hazikutaka kusalimiana, mafuta juu na donge chini. Déo alianza kulitafuna donge habari za redio zilipoanza, akalimeza wakati wa mpira. Mara ya pili niliongeza maziwa. Ikatoa nyuzi. Déo alichovya mkate akatembea nao hadi mlangoni, na uzi ulikuwa bado haujakatika. Mara ya tatu nilitia unga wa ngano, nikapata gundi nzuri sana; kalenda ya parokia iliyokuwa inaanguka ukutani sasa haianguki tena. Binti yetu Ansima alitafuta kwenye telefoni akasema tutie divai nyeupe. Nilimwambia aweke telefoni chini aje aoshe masufuria.

Ijumaa asubuhi nilikuwa sina tena fromaji ya kujaribia, nimebakiwa na gurudumu moja la sherehe yenyewe. Déo alikuwa amekwenda kukodi viti. Ili nisikae na hofu mikononi, nilichukua jembe nikaenda nyuma ya jiko, kwenye migomba yako, kuchimba shimo la nguzo ya hema.

Baba yangu alichimba dhahabu maisha yake yote. Alitufundisha kwamba jembe likitoa kitu kinachong'aa usipige kelele, angalia kwanza nani yuko nyuma yako. Jembe likatoa kitu kinachong'aa. Sikupiga kelele. Niliangalia nyuma. Kisha nikapiga magoti nikachimba kwa mikono.

Zilikuwa karatasi, Mama mukwe. Zile karatasi ndogo za kung'aa, za fromaji ya pembetatu inayokaa kwenye boksi la duara, ambayo kila mama wa Bukavu akipata kidogo anawapakia watoto kwenye mkate wa shule. Umezikunja vizuri, ukazizika, tabaka juu ya tabaka. Juu zilikuwa za diploma ya Ansima. Chini yake nadhani ni za harusi yetu. Nilichimba mpaka nikafika kwenye zilizokuwa nyeusi zimeshikana na udongo, na hizo, kwa hesabu yangu, ni za ubatizo wa Béatrice.

Ng'ombe wa mlimani. Boti kutoka Goma. Masista.

Nilikaa chini kwenye udongo nikacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Nilicheka nikikuona unamenya pembetatu moja moja kwa haraka, shingo imegeukia mlango, huku mimi nimesimama nje nakuchunguzia mawingu ya mwezi wa saba. Halafu kicheko kikageuka, nikalia. Sikukulilia hivyo hata siku ya kaburi. Siku ya kaburi kulikuwa na watu wengi wa kuhudumiwa.

Kwa maana nilikumbuka kitu. Haikuwa mimi tu. Déo ulimtuma kutafuta kiberiti ambacho kilikuwa mfukoni mwako. Tonton Gaspard ulimtuma aonje kasiksi aseme kama imeiva, na yeye hakurudi kabisa. Béatrice, tangu akiwa mtoto, ulimtuma kuangalia mvua, tena mpaka juu barabarani ambako ziwa linaonekana. Miaka hii yote nilidhani unamtoa mtoto wa pori, kumbe ulimtoa kila mtu. Na wote uliwatuma mbali. Mimi peke yangu ulinituma mlangoni tu, hatua chache, mgongo wangu ukiwa karibu na wewe. Ningegeuza kichwa ningeona. Sijui kama ulisahau kunisukuma mbali zaidi, au ulichoka kuwa na siri peke yako. Mimi nilitii tu, sikugeuka.

Nilizifukia zote. Nguzo nikaichimbia mahali pengine na hema likasimama upande. Déo aliuliza nani amepima, nikamwambia mtu mwenye huzuni hapimi.

Kisha nikarudi Nyawera. Nilinunua pembetatu kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule, asije akatokea wa kuniuliza. Muuzaji mmoja mzee alipokuwa ananifungia akasema, "Kulikuwaka maman moya, alikuwaka anabeba mingi vile. Siku hizi haonekane." Nilimwambia amesafiri. Akasema nimsalimie. Basi, anakusalimia.

Jumamosi. Pembetatu zote nilizifunga kiunoni chini ya kitenge. Gurudumu la Masisi niliweka mezani lionekane. Maziwa yakiwa juu ya moto, Béatrice akaingia, akavuta kigoda chako, akakaa, akakunja mikono. "Leo mi sitoke hapa. Nataka nione vile Maman alikufundisha."

Nilikoroga. Nilikoroga vitunguu mpaka havikuwa na cha kutoa tena. Nilimwambia Tonton anamwita, akasema Tonton ana sauti, aite. Nilimwambia moshi utaharibu nywele zake, akafunga kitambaa. Na joto la mbabula lilikuwa linanipiga kiunoni, nikaanza kusikia pembetatu zinalainika dhidi ya tumbo langu, moja baada ya nyingine. Nikaona yote: sufuria inaondoka, watu wanakula sambusa kwenye matanga yako, na mimi nimesimama mbele ya ukoo mzima huku fromaji inanishuka miguuni.

Sikupanga kusema. Mwiko uliinuka wenyewe, na sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Béatrice, enda kwanza uangalie kama mvula iko inakuya."

Alisimama. Mwanamke mwenye wajukuu, amevaa viatu vya misa, alisimama kabla hajafikiri, akatoka. Alipita katikati ya hema, akampita Padri, akampita Tonton aliyekuwa bado kwenye babu yenu, akapanda mpaka barabarani. Watu wote waliona Béatrice amesimama kwenye vumbi anaangalia mbingu isiyo na wingu hata moja.

Mimi nilifungua kitenge. Nilimenya kwa vidole, kwa meno, na shingo imegeukia mlango. Zilipoingia kwenye maziwa zikayeyuka bila ubishi, na harufu ikapanda, ile yako. Karatasi nikazisukuma ndani ya blauzi.

Alikawia kurudi. Alipofika mlangoni macho yake yalikuwa mekundu. "Hakuna mvula," akasema. Kisha, taratibu, "Hata mwezi wa saba alikuwa ananitumaka."

Niliendelea kukoroga. Akaangalia sufuria iliyojaa. Halafu akaangalia meza, na mimi nikaangalia alipoangalia. Gurudumu la Masisi lilikuwa zima. Sikuwa nimelikata hata kipande.

Béatrice alichukua kisu chako, akalikata gurudumu katikati, nusu akaifunga kwenye kitambaa na kuificha kabatini nyuma ya sahani. Makombo akayatawanya mezani. Kisha akachovya kidole kwenye sufuria, akaonja.

"Njo yenyewe," akasema. Alishika mshiko mmoja wa sufuria, mimi nikashika wa pili, tukatoka.

Padri ndiye aliyeuliza, mdomo umejaa sambaza. Kabla sijafungua kinywa Béatrice alijibu, na nakuapia, alifumba macho kidogo. "Ya Masisi. Masista ba Katana njo balimufundishaka Maman." Tonton Gaspard alisema sufuria ibaki ilipo. Béatrice alipiga makofi kabla ya wote, na wakati wa kuondoka alinikumbatia na kuninong'oneza nisizitupe kwenye takataka za barabarani. Sikuwa nimemwambia habari za karatasi.

Nusu ya Masisi Déo anaitafuna tangu jana.

Leo alfajiri nilienda kwenye migomba yako. Nimefungua lile shimo, nimezikunja karatasi kama ulivyozikunja, nimezilaza juu ya zako. Nimekuombea hapo hapo, ukiwa na siri yako chini na mimi na yangu juu, na ni mara ya kwanza nimejisikia wa nyumba hii bila kuulizwa na mtu. Nimekukosa, Maman. Nimekosa hata kufukuzwa.

Pumzika sasa, jiko liko na mtu. Nakuahidi sitamwambia hata Déo, yeye hasa. Nitafumba macho kidogo nikiulizwa. Na siku nikizeeka, mwiko ukianza kuwa mzito, nitamtuma Ansima mlangoni tu, si mbali zaidi. Akigeuka, nitamwacha aone.

Mutoto wako wa pori,
Riziki