Kinu Kitupu cha Mama

Mtaa wa Sokoni,
Mikindani.
9 Agosti 2024

Kwako dada yangu mpenzi Veronika,

Salamu nyingi kutoka pwani. Huko Tabora mmeamkaje? Goti limetulia, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi wazima, mikorosho ya Mpapura imeanza maua, na mimi nimenenepa, usimwambie mtu.

Dada, sijisifu, lakini nina mtoto. Glory wangu amepewa chumba kizima cha mambo ya vita pale makumbusho. Kuna ramani, redio kuukuu, barua za siri za Wajerumani na Wareno. Ufunguo analala nao. Watu wa mkoani wanamwita Madamu.

Na katikati, juu ya kitambaa cheupe, amekiweka kinu cha mama.

Unakumbuka kule kijijini Kitaya, kando ya mto Ruvuma, mama akitwanga kinu kitupu jua la mchana? Watu wakasema ana wazimu, kisha wakasema anawaita Wareno. Sasa mzee mmoja aliyepigania uhuru wa Msumbiji amemsimulia Glory. Wareno wakionekana ng'ambo ya Ruvuma, mama alikuwa akitwanga kinu kitupu, na wapiganaji waliojificha kwenye matete upande wetu walijua wasivuke. Hakutuambia hata sisi wanawe.

Kwanza Glory aliandika kibao, "Kinu cha jasusi." Neno lilelile Faraji, jirani yetu wa Kitaya, alilotutupia kisimani, mpaka ukafunga mzigo ukahama. Nikamwambia, futa.

"Mama, si ndiyo kazi aliyoifanya?"

"Bibi yako alikuwa analinda watu."

Akafuta. Sasa kinasema: "Kinu cha Anna wa Kitaya. Kilisikika ng'ambo."

Faraji alikuja na mkongojo wake. Akasoma kwa kidole, polepole, akavua kofia. "Riziki, mwambie dada yako nilikosea." Basi nimekwambia.

Nikiwa peke yangu mle chumbani, dada, kinu nakisikia. Tu, tu, tu, kama mtu anayetwanga huku akisinzia mchana, na harufu ya mto inaingia dirishani, ingawa mto uko mbali. Lakini kinu hakina mchi. Najua unao wewe, uliondoka nao umeufunga kwenye mkeka. Usiutume kwa basi. Uje nao mwenyewe. Glory ameturuhusu tutwange mara moja, mimi na wewe, kinu kikiwa kitupu.

Nisalimie shemeji Josephu, Joshua na wajukuu wote. Mungu akufungulie njia ya kurudi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Riziki