Dakika Zilizobaki Mezani

Duluth, Minnesota
Machi 9

Kaka yangu Leif,

Pokea salamu zangu. Natumai mvua ya Ketchikan imekubakizia walau soksi moja kavu. Huku ziwa bado ni barafu, na paka amenenepa kuliko anavyostahili. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Uliwahi kuniuliza nafanya nini hasa hospitalini. Tuna mashine ya mionzi iliyofungwa kwenye mkono wa roboti. Mkono humzunguka mgonjwa: unasimama, unapiga mwale mwembamba, unasogea, unapiga tena, mpaka uvimbe upate kipimo chake. Mimi hupanga usimame wapi na upige kiasi gani. Kazi ya mgonjwa ni kulala kimya. Akijitikisa, mashine inasimama.

Mwezi uliopita tulimpokea mzee mwenye saratani ya pafu na mgongo mbovu. Mpango wa kwanza ulimtaka alale karibu saa nzima. Tulipomjaribisha, hakufika hata robo. Akamwambia Denise, fundi wetu, "Binti, hilo dude lenu lina subira kuliko mimi. Niacheni nikafie kwenye kiti changu." Daktari alisema akishindwa kulala, hatuna kingine cha kumpa.

Haraka haraka haina baraka, lakini mgongo ule haukuwa wa kungojea baraka. Niliondoa miale iliyofanya kazi kidogo, nikaigawia iliyobaki kazi hiyo, nikanyoosha njia ya mkono usiwe unakwenda na kurudi. Bosi wangu, Okerlund, alinitania kwamba namkata roboti mshahara.

Kazini kwetu kuna desturi: aliyepanga hulala mezani mwenyewe, mionzi imezimwa, kwa muda wote aliompangia mgonjwa. Nikalala. Pua ikaanza kuwasha. Denise akacheka kwenye kipaza sauti, "Tulia hapo! Ndiyo ujue wenzako wanapitia nini!" Nikashuka, nikapunguza tena. Zimebaki dakika ishirini. Nikikata zaidi, kila mwale utakuwa mkali mno na nitaunguza hata sehemu ya pafu isiyo na ugonjwa.

Sasa nikwambie. Mzee huyo ni baba. Alinikataza kukuambia, alisema aliyeondoka kwa hasira asirudishwe kwa huruma. Okerlund anajua, ndiyo maana aliukagua mpango wangu mwale kwa mwale.

Wagonjwa wetu huchagua muziki wa kusikiliza. Baba alimpa Denise simu yake, akaomba awekewe ule ujumbe wa sauti uliomwachia Krismasi ya mwaka ule ulipoondoka, unaowalalamikia samaki na nahodha wako. Hakukujibu, lakini hakuufuta. Niliumia kwamba sauti aliyoitaka ni yako, sitaficha. Tulimlaza kwa majaribio, tukauweka. Dakika nne nzima hakutikisa hata kidole. Ulipoisha, akaanza kujipinda.

Matibabu yanaanza tarehe ishirini na tatu. Rekodi sauti yako, uitume kwenye simu yangu. Usiombe msamaha wala usimlaumu, maana atajitikisa. Msimulie samaki, mvua, chakula kibaya cha melini, chochote. Mimi nimepunguza mpaka mwisho wa uwezo wangu. Dakika kumi na sita zilizobaki ni zako.

Denise anakusalimu. Anasema anakufahamu kwa sauti.

Mdogo wako,
Signe