Shira ya Mama Hansa

Neema mjukuu wangu,

Habari za Louisville na masomo? Huku Westerville sote tu wazima, na mamako amebadilishiwa zamu, sasa anaenda kazini asubuhi. Uliniuliza kwa simu kwa nini kila nikiingia duka la mithai, vile vitamutamu vya Wahindi, lazima nichungulie jikoni.

Nilipoolewa, mimi na babu yako tulipanga chumba juu ya duka la Bwana Kanti, kule Kisumu. Duka hilo alilirithi kwa baba yake, na watu walitoka mbali kununua jalebi zake, zile pete za unga zinazokaangwa na kuchovywa kwenye shira ya sukari. Siku moja nikakuta jiko limezimwa.

“Leo hupiki?”

“Mke wangu Hansa ana homa,” akasema. “Mimi nakaanga tu. Shira ikiwa tayari, yeye ndiye anajua.”

Nilishangaa. Nikampelekea Mama Hansa chai, nikamuuliza anajuaje. Akabana kidole gumba na cha shahada, akaviachanisha polepole.

“Shira ikivuta uzi mmoja, epua.” Kisha akanitazama sana. “Miaka yote hii, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza.”

Akanieleza mpaka chai yake ikapoa. Tangu siku hiyo, nikiingia duka la mithai, namtafuta aliye jikoni nimuulize.

Nakukumbatia kwa mbali,
Nyanya yako