Kilichobaki Mbele ya Macho

Ikinga, Ileje

Baba Goodness mpenzi,

Sisi wazima, mahindi yamebeba vizuri. Natumaini nawe u mzima huko machimboni Saza.

Juzi Goodness alikaa kando yangu, nisimwone mpaka akaniita. Nikaenda kupima macho. Daktari alisema lenzi bado ni safi, ila maji ya ndani ya jicho hayatoki vizuri, presha inapanda na kuua mshipa wa kuonea.

"Kilichopotea kitarudi?" nikamuuliza.

"Hakirudi, mama. Dawa ya matone italinda kilichobaki."

Kilichobaki ni hapa mbele tu, na ndipo ninapoutaka uso wako. Dhahabu ya Saza haitahama, mume wangu. Rudi uketi mbele yangu, nikutazame.

Mimi ninayekungoja,
Yunisi