Mtoto Aliyefichwa Kwenye Pamba

Kingsbury, London

Zarina mjukuu wangu,

Sisi huku wazima, goti la babu yako limetulia na mamako yuko kazini. Wewe je, unakula vizuri huko Surat? Usinidanganye.

Umesema daftari la zamani la wakoloni limeandika kijiji chetu cha asili, cha pwani ya huko uliko, nyumba kwa nyumba, na pamba na samli waliyouza ng'ambo, lakini mzee wetu Kasamu hayumo. Sasa waogopa kwamba hatukutoka huko.

Nilipokuwa msichana Mombasa, karani wa sensa alikuja kwetu. Nyanya yangu akamwambia, "Watoto ni watatu." Aliyerukwa ni mimi! Nikapayuka, "Nyanya, tuko wanne!" Akanifinya paja.

Karani alipoondoka nikalia. Nyanya akasema, "We mdomo tarumbeta! Mtoto akihesabiwa na mgeni hupatwa na jicho." Halafu akacheka, akaniambia kwamba babu yake, huyo Kasamu, alipokuwa mchanga alifichwa kwenye tenga la pamba, karani wa Mzungu alipokuja kuhesabu watu. Mtoto akapiga chafya.

"Pamba yenu ina mafua?" karani akauliza. Lakini hakumwandika.

Basi usihangaike, mwanangu. Kasamu alikuwapo, ila mamake alimpenda mno.

Juzi nesi aliniuliza nina wajukuu wangapi. Nikamjibu watano. Mko sita, lakini wewe uliye mbali nimekuficha.

Nyanya yako,
Khatija